Karatasi Zinazobaki: Miswada ya Filamu kutoka Vugiri hadi California

Majitu ya Eyasi

Mwaka 1934 daktari wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, aliingia katika nchi inayozunguka Ziwa Eyasi, upande wa kaskazini wa eneo ambalo leo ni Wilaya ya Mkalama. Alikuwa mtu wa safari ndefu. Alikwishafika kisiwa cha South Georgia, karibu na barafu ya kusini mwa dunia, na mwaka 1931 alipanda Graf Zeppelin, chombo kikubwa cha angani kilichotumwa kuchunguza bahari ya barafu ya kaskazini. Eyasi alikuja kutafuta mabaki ya watu wa kale, na mwaka 1935 vikaanza kupatikana vipande vya fuvu vilivyowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Pamoja na mifupa, alikusanya ngano za Wahadzabe na za majirani zao Waisanzu.

Ngano hizo zilisafiri. Mwaka 1956 sehemu ya zile za Wahadzabe ilitoka Ujerumani katika kitabu kiitwacho Das Elefantenspiel, chenye visa vya asili ya watu na visa vya majitu. Mkazi wa Nduguti, mji ulio makao makuu ya Mkalama tangu wilaya hiyo imegwe kutoka Iramba mwaka 2012, anaishi jirani na nchi ya majitu hayo. Akitaka kuyasoma kama yalivyoandikwa wakati ule, sharti ajue Kijerumani.

Miswada ya filamu katika Afrika Mashariki imepita njia hiyohiyo. Hadithi inazaliwa huku, au inaazima jina na lugha ya huku, kisha karatasi yake inalazwa mbali, tena inalazwa vizuri. Kwa filamu za bunilizi ya kisayansi, zile za vyombo vya angani, maroboti na dunia za kesho, jambo hili linaonekana waziwazi kuliko kwingine kokote. Lakini mizizi yake iko nyuma zaidi, katika milima ya Usambara.

Vugiri, 1935–1937

Meja L. A. Notcutt aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikopata wazo kwamba sinema ingeweza kuwavuta na kuwatuliza vibarua. Mwaka 1935 wazo hilo likawa mradi kamili. Fedha zilitoka shirika la Carnegie la New York, usimamizi ukawa wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na mwenzake Notcutt akawa G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia Kaskazini. Kituo chao kilikuwa Vugiri, mlimani juu ya Korogwe. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment.

Kwa muda wa miaka miwili hivi walitengeneza filamu fupi 35. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida wa maeneo yale. Picha zilipigwa kwenye mkanda mwembamba, sauti ikawekwa kwenye sahani za santuri ili kila nchi isikie kwa lugha yake, na lori likazunguka na vifaa kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini. Moja ya filamu zao za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta: mfanyakazi mmoja anafukia mshahara wake ardhini, mwizi anaufukua, mwingine anapeleka zake posta. Nyingine ilieleza minyoo ya safura, nyingine mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro.

Mwaka 1937 fedha zilikatika. Serikali za kikoloni hazikutaka kuubeba mzigo huo na kituo kikafungwa. Kati ya filamu 35, leo zinajulikana kubaki 3, nazo ziko kwenye hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Zilizobaki zimepotea kama picha, lakini hazikupotea kama hadithi. Mwaka huohuo wa 1937 Notcutt na Latham walichapisha London kitabu kilichozieleza filamu zao: zilihusu nini, zilitengenezwaje, watazamaji walizipokeaje. Kwa hiyo mtafiti wa leo anaweza kuisimulia filamu ya akiba ya posta bila kuwahi kuiona.

Hapo pana jambo ambalo mtu akilikosa ataikosa historia yote inayofuata. Mkanda wa filamu ni kitu dhaifu: unachanika, unanyauka kwa joto, unaliwa na ukungu, na ule wa zamani wa naitreti ulikuwa ukishika moto haraka. Santuri zinavunjika. Karatasi iliyowekwa mahali pakavu inadumu karne nzima, na ikiwa ndani yake mna maelezo ya tukio, mazungumzo na mpangilio, filamu haijafa yote. Tatizo la Vugiri ni kwamba hata hizo karatasi zilichapishwa Uingereza kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza. Waliocheza mbele ya kamera hawakuachiwa kitu.

Mwigizaji aliyekuwa Waziri Mkuu

Baada ya Vita vya Pili serikali ya Tanganyika iliijaribu tena sinema, safari hii kwa kushirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1951 zilitengenezwa filamu za Kiswahili zenye hadithi ndefu kidogo na vichekesho ndani yake. Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi ndizo zinazotajwa zaidi. Kijana aliyeng'ara humo alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii aitwaye Rashidi Kawawa. Mwaka 1955 aliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa alishika nafasi hiyo. Aliwahi kuwa mtu wa sinema kabla ya kuwa mtu wa dola, na kwa kweli ni nchi chache duniani zinazoweza kusema hivyo kuhusu waziri mkuu wao wa pili.

Filamu hizo zilihusu mtu wa shamba anayekwenda mjini na yanayompata huko. Hadithi iliaminika pale ilipotazama nyuma, kijijini, au ilipotazama kando, mjini. Kutazama mbele, miaka mia mbili ijayo, hakukuwa katika mpango wa mtawala. Mkoloni aliyewafundisha watu kuweka akiba posta hakuwa na sababu ya kuwaonyesha Mwafrika akiendesha chombo kati ya nyota.

Aliyefanya hivyo alikuwa mwandishi wa televisheni wa California.

Uhura, 1966–1969

Miaka ile neno uhuru lilikuwa limezagaa duniani. Tanganyika iliupata Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Mwaka 1962 mwandishi Mmarekani Robert Ruark alitoa riwaya kuhusu Kenya na kuiita Uhuru. Haikuwa riwaya ya kuwatakia Waafrika mema, lakini jalada lake lilibeba neno hilo hadi kwenye maduka ya vitabu ya Marekani.

Nichelle Nichols, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, alisimulia mara nyingi kwamba alikuwa na kitabu hicho mkononi alipokwenda kufanyiwa majaribio ya mfululizo mpya wa televisheni. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, alivutiwa na neno lile, na likalainishwa kidogo mwishoni likawa jina la mhusika: Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano katika chombo cha angani Enterprise, mzaliwa wa Afrika ya karne ya ishirini na tatu. Mfululizo ulikuwa Star Trek.

Sehemu ya kwanza kurushwa hewani, The Man Trap, ilionyeshwa Septemba 8, 1966. Ndani yake kiumbe kinachoweza kujigeuza sura kinamwendea Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Ndiyo kusema kwamba lugha hii ilikuwamo katika Star Trek tangu usiku wa kwanza. Mwaka uliofuata, katika The Changeling ya Septemba 1967, mashine inafuta kumbukumbu yote ya Uhura. Anapofundishwa kusoma upya Kiingereza anakwama, na Kiswahili ndicho kinachomtoka. Katika sehemu hiyo, iliyoandikwa na John Meredyth Lucas, mtazamaji anaelewa jambo zito kwa sekunde chache: vyote vikifutika, lugha ya kwanza inabaki.

Mfululizo ulidumu misimu mitatu, sehemu 79, ukafutwa mwaka 1969. Kwa kawaida ya biashara ya televisheni, karatasi zake zingeishia jalalani. Hazikuishia huko. Leo, katika idara ya makusanyo maalumu ya maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, kuna mkusanyo unaobeba jina la Roddenberry wenye miswada ya mfululizo huo, rasimu zilizosahihishwa na barua za ndani za watengenezaji.

Inafaa kusimama kidogo kwenye neno rasimu. Mswada wa Hollywood ukirekebishwa baada ya kugawiwa kwa waigizaji, kurasa mpya huchapwa kwenye karatasi za rangi tofauti, bluu, kisha waridi, kisha njano, ili kila mtu ajue anashika toleo gani. Mtu anayefungua folda ya namna hiyo anaona fikra zikigeuka siku kwa siku: mstari uliokatwa, mhusika aliyeongezwa, jina lililobadilishwa kwa kalamu. Filamu iliyokamilika haionyeshi hayo. Inaonyesha uamuzi wa mwisho tu. Ndiyo maana maktaba za aina hii huziweka karatasi hizo katika maboksi yasiyo na asidi, ndani ya vyumba vyenye ubaridi na ukavu uliopimwa, na msomaji hupewa folda moja kwa wakati, mezani, akiwa na penseli badala ya kalamu ya wino.

UCLA haiko peke yake. Nicholas Meyer, mwongozaji wa filamu ya pili na ya sita ya Star Trek, za mwaka 1982 na 1991, alisoma Chuo Kikuu cha Iowa, na karatasi zake ziko katika makusanyo maalumu ya chuo hichohicho. Chuo kilichomfundisha ndicho kinachotunza alichokiandika.

Tanzania Bara, wakati mfululizo huo ukionyeshwa Marekani, haikuwa na namna ya kumwona Uhura. Televisheni ya Zanzibar ilianza miaka ya sabini. Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994. Jina lililotoka katika mapambano ya ukanda huu lilikaa miaka 28 kwenye viwambo vya Marekani kabla Dar es Salaam haijapata kituo chake cha kwanza.

Sheria ya mwaka 1976

Taifa changa halikuipuuza sinema. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 na kupewa mamlaka juu ya uingizaji na usambazaji wa filamu. Taasisi ya picha na sauti ilifuata miaka ya sabini kwa msaada wa Denmark. Kazi zilizotoka humo zilihusu ujamaa, afya na mila: Fimbo ya Mnyonge ilieleza vijiji vya ujamaa, na mwaka 1985 Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill ilieleza mwanamke mgonjwa anayepelekwa kwa mganga.

Katikati ya juhudi hizo ilipitishwa sheria ambayo wachache wanaihesabu kuwa sehemu ya historia ya fasihi, ilhali ni sehemu yake kubwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, ilimtaka anayetaka kutengeneza filamu aombe kibali kwanza, na maombi yaambatane na maandishi ya filamu yenyewe. Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1962. Lengo lilikuwa ukaguzi: dola ilitaka kujua kitakachosemwa kabla hakijasemwa. Lakini kila kibali kilichoombwa kihalali kilimaanisha kwamba mswada mmoja umeingia ofisini.

Mfano wa mambo hayo yanakoweza kufika uko New York. Kati ya mwaka 1921 na 1965 jimbo hilo lilikuwa na ofisi ya kukagua filamu, na kila aliyetaka kuonyesha filamu humo alilazimika kuwasilisha mazungumzo yake kwa maandishi. Wakaguzi walikata busu hapa, tusi pale. Mahakama za Marekani zilipoing'oa mizizi kazi hiyo mwaka 1965, makabati yalikuwa yamejaa. Leo Nyaraka za Jimbo la New York zina miswada zaidi ya 53,000, moja ya hazina kubwa za aina hiyo duniani, na humo zimo filamu za sayari na viumbe wa angani zilizofurika miaka ya 1950. Waingereza wana hadithi inayofanana: tamthilia zilizopelekwa kwa Lord Chamberlain kuombewa idhini kuanzia mwaka 1824 hadi 1968 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza. Mkaguzi alikuwa adui wa mwandishi, na karatasi zake zikawa rafiki wa mwanahistoria.

Kwa hiyo hatua iliyokosekana kwetu si ukusanyaji. Ukusanyaji umo kwenye sheria kwa karibu nusu karne. Kilichokosekana ni mlango kati ya ofisi ya kibali na chumba cha kusomea.

Sauti bila karatasi, 1983–2005

Mei 1983 ilitoka Return of the Jedi, filamu ya tatu ya Star Wars. Rubani msaidizi wa Lando Calrissian ni kiumbe mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb. Lugha yake ya ajabu ilikuwa ya kubuni kwa masikio ya Mmarekani. Kwa masikio ya mtu wa Bonde la Ufa ilikuwa Kikalenjin. Sauti ilikuwa ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, na alichanganya humo Kikikuyu pia. Watazamaji wa Kenya waliozijua lugha hizo walielewa alichosema. Mwaka 2015, filamu za Star Wars zilipoanzishwa upya, Rotich aliitwa tena kuwa sauti ya Nien Nunb.

Tofauti yake na Uhura ni ya kuumiza. Kiswahili cha Uhura kilipita kwenye mswada, na mswada ukaenda maktaba. Kikalenjin cha Rotich kilitoka kinywani na kuingia moja kwa moja kwenye mashine ya kunasia sauti.

Hapa nyumbani mambo yalikwenda upande huohuo wa mdomo. Filamu za kigeni zilipoanza kusambaa kwa kanda za video, walizaliwa watafsiri. Aliyevuma kuliko wote Tanzania alikuwa Captain Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyechanganya sauti yake na ya filamu kwenye kanda na kueleza mambo hata yale ambayo mtunzi wa kwanza hakuyafikiria. Titanic ya mwaka 1997 ilipita mikononi mwake. Kupitia watu wa kazi hiyo, filamu za mapigano, mapenzi na maroboti ziliwafikia watazamaji wa vibanda vya video kwenye miji midogo ambayo haijawahi kuwa na jumba la sinema. Kenya wakamsikiliza DJ Afro. Kampala wakawa na VJ Jingo. Hawa walikuwa watunzi wa pili. Walitoa majina mapya, wakaongeza methali, wakabadilisha sababu za ugomvi ili ziingie akilini mwa mtu wa Manzese au wa Iramba. Mswada wao ulikuwa kichwani.

Filamu za Bongo zilizofuata baada ya mwaka 2000 zilirithi mazoea ya vikundi vya maigizo: mwongozaji anaeleza kisa, waigizaji wanajaza mazungumzo papo hapo. Wenyewe walisema stori, na skripti kamili, kurasa kwa kurasa, ilikuwa ya wachache. Hofu na maajabu hayakukosekana. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, kazi za kutisha zilizojaa mizimu na majini. Chombo cha angani kilikosekana kwa sababu ya gharama, na kwa sababu mtazamaji wa Tanzania tayari alikuwa na ulimwengu wa pili unaomtosha.

Kwenye kitabu, hata hivyo, chombo kilikwisharuka. Mwaka 1995 mwanasosholojia wa Kenya, Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi, alitoa riwaya ya Walenisi. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa katika chombo na kurushwa angani. Anajifunza kukiendesha na kutua katika sayari yenye jamii ya haki. Ukiisoma leo unaona mandhari, mavazi, milango inavyofunguka. Ni filamu ambayo bado haijapigwa, na kwa kuwa imechapishwa, mtu yeyote anaweza kuipiga.

Miaka miwili ya maana: 2009 na 2010

Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu aliandika na kuongoza Pumzi, filamu ya dakika zipatazo 21. Ni miaka 35 baada ya vita vya dunia vya kugombea maji. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya mji uliofungwa, jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena, umeme unatokana na miguu ya watu wanaokanyaga mashine, na ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mhusika mkuu, ni mtunzaji wa jumba la makumbusho la viumbe vilivyotoweka. Siku moja anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, na anatoroka kwenda kuipanda nje.

Kati ya kazi zote ambazo mtu angeweza kumpa shujaa wa dunia ya kesho, Kahiu alichagua kazi ya kutunza kumbukumbu. Chaguo hilo lina uzito kuliko vyombo vyote vinavyong'aa kwenye filamu hiyo. Pumzi ilipigwa Afrika Kusini kwa fedha za mpango wa Africa First wa Focus Features, Taasisi ya Goethe na mfuko wa Changamoto wa Kenya, na Januari 2010 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani.

Mwaka huohuo wa 2010, mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alimaliza Who Killed Captain Alex? kwa gharama inayosemekana kuwa chini ya dola 200. Helikopta zake zilitengenezwa kwa kompyuta aliyoijenga mwenyewe. Kompyuta hiyo haikuwa na nafasi ya filamu mbili. Ili aanze kazi nyingine, ilibidi afute ile ya kwanza, na nakala bora ya filamu iliyokuja kutazamwa na mamilioni duniani ikatoweka; iliyopo imetokana na DVD ya ubora mdogo.

Na mwaka huohuo tena, Februari 2010, Berlin ilionyesha upya Metropolis ya Fritz Lang, filamu mama ya bunilizi ya kisayansi, iliyotoka mara ya kwanza Januari 1927 na kukatwakatwa miezi michache baadaye. Sehemu kubwa ya vipande vilivyopotea ilipatikana Buenos Aires mwaka 2008, kwenye nakala iliyochakaa. Mafundi walijua kila kipande kikae wapi kwa sababu karatasi zilikuwa zimebaki: nakala ya mswada wa Thea von Harbou iliyokuwa ya mtunzi wa muziki, Gottfried Huppertz, nota za muziki wenyewe zenye alama zaidi ya elfu moja za kulinganisha na picha, na kadi za ofisi ya ukaguzi ya Ujerumani zilizonakili maandishi yote ya filamu. Mkaguzi, kwa mara nyingine.

Wakaliga na Berlin zikiwekwa pamoja, sababu inaonekana. Lang alipoteza picha akabakiwa na karatasi, na filamu yake ikafufuka baada ya miaka 83. Nabwana hakukosa kipaji wala bidii. Alikosa diski ya pili na taasisi ya kumpokelea kazi.

Tangu hapo bunilizi ya kisayansi imekuwa na nguvu zaidi ukanda huu. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Kahiu na mwandishi Nnedi Okorafor wangeandika mswada wa kugeuza riwaya Wild Seed ya Octavia Butler kuwa mfululizo. Karatasi za Butler mwenyewe, kuanzia rasimu hadi madaftari yake, ziko Maktaba ya Huntington, California. Mwaka 2021 Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda, ilionyeshwa Cannes. Inahusu wachimbaji wa koltani wa Burundi na wadukuzi wa kompyuta, na wahusika wanapita kutoka Kinyarwanda hadi Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Miaka 55 baada ya kiumbe cha The Man Trap kumsemesha Uhura Kiswahili, Kiswahili cha filamu ya kesho kilikuwa kinasemwa na watu wa nchi zinazokizungumza.

Kilichopo mkononi

Dar es Salaam haianzii sifuri. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo maalumu wa East Africana, na tangu mwaka 2018 chuo kina jengo jipya la maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, imezoea kupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Kundi la Ajabu Ajabu limeirudisha Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu iliyoiwakilisha Tanzania kwenye mashindano ya Oscar mwaka 2001, mbele ya watazamaji wa mitaani, tena kwa msaada wa madijei wa kutafsiri, warithi wa Lufufu. Hao ni watu wa kukaa nao na kinasa sauti sasa, kabla sauti zao hazijafuata njia ya santuri za Vugiri.

Na ofisi ipo. Bodi ya Filamu bado inapokea miswada kwa ajili ya vibali. Simu ya mkononi na programu ya bei nafuu zimempa kijana wa Nduguti uwezo wa kupiga picha na kutengeneza chombo cha angani ambao Nabwana aliujenga kwa vyuma chakavu, hivyo miswada itaongezeka, na mingi itakuwa ya dunia za kesho. Hatua ya kwanza haihitaji jengo wala mfadhili. Inahitaji kifungu kimoja kwenye kanuni: kwamba mswada uliopewa kibali uwe na nakala ya pili, nakala hiyo iende East Africana, haki zake zibaki kwa mwandishi, na baada ya muda atakaoukubali mwandishi huyo, folda ifunguliwe kwa msomaji yeyote atakayeomba.